Nani Atakuwa Mgonjwa?

Alasiri moja Kilimatinde, chini ya mbuyu, watoto saba wanacheza hospitali. Mchezo huu hapa hauhitaji mwalimu. Hospitali ya Kanisa Anglikana ipo jirani pamoja na chuo chake cha uuguzi, kwa hiyo hata mtoto wa miaka mitano anajua daktari anavyosikiliza kifua na nesi anavyotembea akiwa na haraka. Vyeo vimegawanywa upesi. Madaktari wamepatikana watatu, na wawili wanagombania kipande cha mpira wa baiskeli ambacho ndicho kipimo. Kimekwama cheo kimoja tu.

"Wewe uwe mgonjwa."

"Jana nilikuwa mimi!"

Mchezo unasimama hapo, mpaka msichana mdogo kuliko wote anapojilaza kwenye kipande cha kanga bila kuambiwa na mtu, anafumba macho, anaanza kukohoa. Ghafla wote wana kazi.

Aliyekulia karibu na kibanda cha video anaujua ugomvi huu. Kila mtu alitaka kuwa stelingi, kwa sababu stelingi hafi. Wa kuwa rafiki wa stelingi, yule anayepigwa risasi katikati ya picha, alitafutwa kwa taabu. Lakini historia ya nchi hii inao watu wengi waliokuwa tayari kucheza sehemu ndogo, tena waliivalia sare, wakaifanyia mazoezi na kuilipia ada. Njia yao mojawapo ilipita hapa.

Kilimatinde ipo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mbuga ya Bahi ikiwa chini yake upande wa mashariki. Misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watemi wa Ugogo, kisha ikapanda ukingo huu kuingia Mgunda Mkali, pori la mwendo wa siku kadhaa ambalo maji yake hayakuwa ya kutegemea. Vitabu vya shule vinawataja wasafiri wa Kizungu: Burton na Speke, Stanley, Cameron. Safari nne za watu hao, zilizoanza kati ya 1857 na 1873, zilikuwa na mtu mmoja yule yule: Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi na jina la mji alikoishi. Alivuka Mgunda Mkali na Burton na Speke, akavuka tena na Speke na Grant, tena na Stanley, tena na Cameron. Mabwana walibadilika, yeye akabaki. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi na bendera yake, na nyuma yake wapagazi wakiwa na mizigo begani. Katika simulizi zilizochapishwa Ulaya watu hao wote waliwekwa pembeni ya picha. Barabarani ndio waliokuwa msafara wenyewe.

Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walijenga boma hapa, na mpaka 1914 Kilimatinde ilikuwa makao ya Kompani ya Nne ya jeshi lao la koloni, ambayo pia ilikuwa na kituo Singida. Boma lilileta jambo geni machoni pa watu: siku nzima iliyopangwa kwa vyeo. Baragumu lilipigwa alfajiri, gwaride likafuata, na kila mtu alijua nani yuko juu yake na nani yuko chini. Askari wa mwanzo waliletwa mwaka 1889 na Hermann von Wissmann, wengi wao Wasudani waliosajiliwa Misri, nao wakaja na majina ya vyeo yaliyotoka jeshi la Kituruki. Chini alikuwepo askari, juu yake ombasha, kisha shaushi, betshaushi, soli, mpaka efendi. Maneno hayo yalizoeleka masokoni na visimani kama majina ya siku za juma.

Watu walipoamua kulichezea jambo hilo, walilichezea kwa ukamilifu wake.

Ngoma ya beni ilizaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890, Lamu na Mombasa. Jina lenyewe ni neno bendi lililolainishwa. Mitaa iliyokuwa ikishindana kwa ngoma na kwa karamu tangu enzi za mababu ilichukua tarumbeta, ngoma kubwa na mwendo wa gwaride, ikaendelea kushindana. Mombasa kulikuwa na makundi ya Kingi na Skochi. Ngoma hiyo ilishuka pwani na kuingia Tanganyika, na hapo yakakua makundi mawili yaliyoenea nchi nzima, Marini na Arinoti. Marini kwa kawaida ilikuwa ya makarani, walimu na askari wenye vyeo. Arinoti iliwavuta zaidi vibarua, watumishi wa majumbani na watu waliotoka bara kutafuta kazi.

Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliifuatilia ngoma hii na mwaka 1975 akatoa kitabu kizima juu yake. Wapo waliokuwa wameiona beni kuwa ni uigaji mtupu, mtu mweusi akijivika koti la mzungu. Ranger alionyesha kuwa mizizi yake ilikuwa katika mashindano ya kale ya Waswahili wenyewe. Mimi nakubaliana naye kwa moyo wote. Anayemwiga bwana ili awe bwana hutaka kiti cha bwana peke yake. Wanabeni waliigiza boma zima. Walikuwa na mfalme wao, Kaisari wao, magavana na majenerali, lakini pia walikuwa na makapteni, makarani, madaktari, manesi, na safu ndefu za askari wa kawaida wasiokuwa na jina la kuitwa. Akina mama wa Mombasa walifanya hivyo hivyo katika vyama vya ngoma ya lelemama, vyenye vyeo vyao na uhasama wao wa kuvalishana na kulishana.

Ukilitazama jambo hili kwa makini linashangaza. Huyu ni mtu aliyeamrishwa juma zima bandarini au jikoni kwa mwajiri. Jumamosi inafika, ana uhuru wa kuwa mtu yeyote anayemtaka duniani, naye anachagua kuwa ombasha. Anatoa fedha yake kununua mkanda na kofia ya ombasha, anafanya mazoezi ya kugeuka kushoto na kulia, na akikosea hatua anatozwa faini na wenzake. Kwa nini asijifanye jenerali huko kwake?

Sehemu ya jibu ni gharama. Mkubwa wa beni alitarajiwa kulisha watu, na mashindano ya karamu ya pwani yaliwafilisi wengi. Lakini sidhani kama gharama inaeleza yote. Gwaride la majenerali watupu si gwaride. Jenerali anaonekana kuwa jenerali pale safu inapokakamaa mbele yake, na safu hiyo inajua kwamba inaweza kulegea ikitaka. Pia vyama hivi vilikuwa na kazi za kweli nyuma ya mchezo: kumzika mwenzao aliyefia ugenini, kumpokea Marini au Arinoti aliyeshuka katika mji asikomjua mtu. Mgeni aliyelala njaa hakusaidiwa na cheo cha Kaisari. Alisaidiwa na mtu aliyemfungulia mlango.

Kisha vita vikaja, na vyeo vya kweli vikapinduka mbele ya macho ya watu. Vilipoanza 1914, Wajerumani waliwaweka mateka wa Kiingereza hapa Kilimatinde. Wenyeji waliokuwa wamezoea kumwona Mzungu akiamrisha walimwona Mzungu akilindwa na askari mweusi mwenye bunduki. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini yakashuka kutoka Kondoa, yakaikata reli ya kati na kuiteka Kilimatinde, na waliokuwa mabwana jana wakawa wakimbizi. Mtu aliyeyaona hayo kwa miaka miwili mfululizo hakuhitaji kuelezwa kwamba cheo ni vazi.

Mzigo wa vita ulibebwa na wapagazi. Vifo vyao vilivyoandikwa upande wa Waingereza peke yake vilizidi 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini idadi ya kweli ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Wengi waliuawa na njaa, kuhara na homa wakiwa na mzigo kichwani. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao mpaka leo, na wengi tunaingia sokoni humo bila kulikumbuka. Waliopona walirudi makwao, na beni wakarudi nayo. Ilivuka mpaka ikaingia Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini pamoja na askari na wapagazi waliojifunza Kiswahili kambini. Watawala wa Kiingereza waliiogopa. Mgomo wa wachimba shaba ulipozuka Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1935 na polisi wakawaua watu sita Luanshya, tume ya uchunguzi iliwahoji watu kuhusu vyama vya mbeni, kama beni ilivyoitwa huko, ikishuku kwamba watu wanaojua kupanga safu kwa mchezo wanaweza kuipanga kwa jambo lingine.

Kwa msomaji kijana anayecheza michezo ya kompyuta, ambamo mmoja ni shujaa wa upanga na mwingine ni mtabibu, kuna jambo la kukumbuka. Michezo hiyo yote ina babu mmoja, Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Nao ulitoka katika michezo ya vita, watu wazima wakisogeza vijeshi vidogo mezani, mpaka mtu akafikiria kumwacha kila mchezaji awe askari mmoja tu mwenye jina na maisha. Beni ilikuwa imefika hapo miaka 80 kabla, kwa miguu, katikati ya barabara. Na wanaocheza michezo hiyo usiku kucha wanajua kwamba kundi lililojaa mashujaa na kukosa mtabibu halifiki mbali. Wanazunguka wakiomba: nani atakubali kuwa mtabibu?

Beni yenyewe ilififia, lakini watoto wake wapo. Kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, vikundi vya malipenga bado vinaitwa boma, vikiwa na kapteni na nesi. Upande wetu wa Ruvuma, Wanyasa na Wamatengo wanacheza mganda wakiwa wamevaa kaptula nyeupe zilizonyooshwa kwa pasi. Na Luanshya, mji ule ule wa mgomo, miaka ya 1950 alikuwepo mtafiti aitwaye Clyde Mitchell aliyeiandika kalela, ngoma iliyotokana na mbeni, katika kijitabu cha mwaka 1956. Wachezaji walikuwa vijana wa Kibisa, wamenyooka katika suruali safi na viatu vya kung'aa. Mfalme wao alivaa suti nyeusi, tai na miwani ya giza. Daktari alivaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu.

Katika kundi zima alikuwamo mwanamke mmoja tu, nesi, mwenye nguo nyeupe, kioo mkononi na leso. Hakupiga ngoma, na hakuongoza wimbo. Wachezaji wakiwa katikati ya ngoma, vumbi limepanda, alimwendea mmoja, akamnyanyulia kioo ajione, akampa leso, akasubiri ajiweke sawa, kisha akaenda kwa anayefuata.