Breki ya Baiskeli na Saa ya Sekunde

Mwaka 1972, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois aitwaye Marc Gold alichapisha matokeo ya jaribio lililowashangaza wenzake. Alikuwa amekwenda kwenye karakana maalumu za watu wenye ulemavu wa akili akiwa na breki za baiskeli za Bendix, zile za kitovu cha gurudumu la nyuma zinazokamata ukikanyaga pedali kinyumenyume. Breki hiyo ina vipande 15, na kila kimoja kina upande wake na zamu yake. Ukikosea kimoja, vingine vyote havikai. Watu aliowafundisha walikuwa wale ambao wasimamizi wao waliwapa kazi rahisi kabisa. Karibu wote walijifunza kuiunganisha breki hiyo.

Gold alikuwa amefundisha shule Los Angeles kabla ya kwenda chuoni, na mbinu yake ilikuwa ya mwalimu zaidi kuliko ya daktari. Aliigawa kazi katika hatua ndogondogo. Baadhi ya wanafunzi aliwapakia rangi upande wa kipande unaopaswa kuwatazama. Maneno aliyapunguza kabisa. Mtu akikosea hakuambiwa amekosea, aliambiwa tu ajaribu njia nyingine. Kauli hiyo ndiyo iliyokuja kuwa jina la mafunzo aliyoyaeneza nchi nzima hadi alipofariki mwaka 1982. Nyuma yake kulikuwa na dai zito: mwanafunzi asipoelewa, kilichoshindwa ni ufundishaji.

Ili kuona kwa nini dai hilo liliwachoma watu, inabidi kurudi nyuma hadi mwaka 1938. Mwaka huo Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria iliyoweka kima cha chini cha mshahara Marekani, senti 25 kwa saa. Kifungu cha 14 cha sheria hiyo kiliwaruhusu waajiri wenye cheti maalumu kuwalipa watu wenye ulemavu chini ya kiwango hicho. (Roosevelt mwenyewe alipooza miguu mwaka 1921 na hakuweza kutembea bila kusaidiwa. Mshahara wake haukupunguzwa kwa sababu hiyo.) Nia iliyotajwa ilikuwa kuwafungulia mlango watu ambao wasingeajiriwa kabisa, na kwa hali ya uchumi ya wakati ule hoja hiyo haikuwa ya kijinga.

Karakana zenyewe zilikuwepo kabla ya sheria. Ile ya shule ya wasioona ya Perkins, Boston, ilianza karibu mwaka 1840. Lakini kwa watu wenye ulemavu wa akili zilienea hasa baada ya Vita ya Pili ya Dunia, wazazi walipoanza kuunda vyama vyao na kukataa kuwapeleka watoto kwenye taasisi kubwa za serikali. Mwaka 1967 taasisi hizo zilikuwa na watu karibu 195,000. Kwa mzazi wa miaka ile, karakana ya mtaani ilikuwa ukombozi: mwanawe analala nyumbani, asubuhi anapanda basi, jioni anarudi na bahasha ya mshahara, hata kama ndani yake mna dola chache tu.

Bahasha hiyo ilijazwa kwa saa ya sekunde. Msimamizi hupima mfanyakazi asiye na ulemavu hufunga maboksi mangapi kwa muda fulani, kisha humpima mwenye ulemavu. Akifikia robo, hulipwa robo. Anayelipwa kwa saa lazima apimwe upya kila baada ya miezi sita. Hesabu yenyewe ni safi. Tatizo ni kwamba haimuulizi msimamizi amemfundishaje huyu mtu, wala kama boksi hilo ndiyo kazi inayomfaa. Gold alipima upande wa pili wa meza.

Baada yake walikuja wengine. Tom Bellamy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon, Lou Brown wa Madison, Wisconsin, na Paul Wehman wa Virginia walibeba mantiki hiyo hadi nje ya karakana. Kwa miongo mingi mtu alifundishwa kwanza ndipo atafutiwe kazi, na wengi walifundishwa hadi uzee bila siku moja kutangazwa kuwa wako tayari. Hawa waligeuza mpangilio: mtu aajiriwe kwanza, afundishwe hapohapo kazini. Sheria ya mwaka 1984 kuhusu ulemavu wa ukuaji iliutambua mfumo huo, na marekebisho ya mwaka 1986 ya Sheria ya Utengamao yakautengea fungu lake. Mwaka 1986 watu waliokuwa kazini kwa msaada wa namna hiyo hawakufika 10,000. Mwaka 1995 walikuwa karibu 140,000.

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya mkufunzi wa kazini. Hutafuta mwajiri, huikagua kazi, na mara nyingi huifanya mwenyewe siku kadhaa ili ajue inauma wapi. Kisha huja na mfanyakazi, husimama naye bega kwa bega, na kadiri wiki zinavyopita hujiondoa polepole: leo kwa muda wa saa nne, mwezi ujao saa moja tu, baadaye simu tu kwa bosi. Mtu mwenye usonji anaweza kuishika kazi ya ghala kwa siku mbili na akashindwa na chumba cha chai, kwa sababu ya kelele, utani na mtu anayemgusa bega. Hilo nalo ni la mkufunzi. Na ni yeye anayemfundisha msimamizi wa zamu kutoa agizo moja kwa wakati mmoja.

Wanaoziendesha huduma hizi wanajua kwamba ugumu wake mkubwa uko kwenye vitabu vya hesabu. Tangu 1986 kumekuwa na mifuko miwili. Idara ya utengamao ya jimbo hulipia mwanzo, zamani hadi miezi 18, na tangu sheria ya mwaka 2014 hadi miezi 24. Baada ya hapo lazima apatikane mlipaji mwingine wa msaada wa muda mrefu, mara nyingi Medicaid, bima ya afya ya umma. Meneja asiyempata mlipaji wa pili mapema atamweka mtu kazini akijua kwamba siku moja mkufunzi ataondolewa kabla ya wakati. Tena, huduma ikilipwa kwa saa, shirika linafaidika mkufunzi akikaa na kupata hasara akijiondoa, wakati ustadi wake wote uko katika kujiondoa. Oklahoma ililiona hilo miaka ya 1990 ikaanza kulipa kwa hatua zilizofikiwa: mtu amepata kazi, amedumu, ametulia. Mashirika yasije yakachagua wateja wepesi tu, wenye mahitaji makubwa waliwekewa malipo ya juu. Kwa maoni yangu uamuzi huo wa kihasibu ulikuwa na uzito kuliko hotuba nyingi za haki zilizotolewa muongo ule.

Lakini karakana hazikufa. Vermont ilifunga ya mwisho mwaka 2002. Kwingine ziliendelea sambamba na mfumo mpya, zikila fedha zilezile za umma, na wazazi wengi walizitetea kwa sababu ya usalama. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Ila mahali palipofichika si lazima pawe salama. Huko Atalissa, kijiji cha Iowa, kampuni ya Henry's Turkey Service iliwaweka wanaume wenye ulemavu wa akili katika jengo la shule ya zamani tangu miaka ya 1970. Walitoka Texas, wengi kutoka taasisi za serikali, na walipelekwa kila siku kiwandani kutoa matumbo ya bata mzinga. Walipookolewa Februari 2009, wengine wakiwa wazee, walikuwa wakipokea dola 65 kwa mwezi. Mwaka 2013 jopo la wananchi lililosikiliza kesi liliwapa wanaume 32 fidia ya dola milioni 240. Kwa kuwa sheria ina ukomo, zilishuka hadi milioni 1.6.

Wakati wale wanaume wakiwa bado Atalissa, jambo tofauti kabisa lilikuwa likitokea Ohio. Mwaka 1996 Erin Riehle, muuguzi aliyeongoza idara ya dharura ya hospitali ya watoto ya Cincinnati, alichoshwa na wafanyakazi wa kupanga vifaa kwenye makabati: wanakuja, wanachoka, wanaondoka. Akauliza kwa nini kazi hiyo isipewe vijana wenye ulemavu wa akili, ambao hospitali hiyohiyo iliwatibu utotoni. Ndivyo ulivyoanza mpango wa Project SEARCH, ambamo vijana wa mwaka wa mwisho wa shule husoma ndani ya eneo la kazi na kuzunguka idara moja baada ya nyingine. Umefika Uingereza na nchi nyingine kadhaa. Haukuanzishwa na mtu wa ustawi wa jamii. Ulianzishwa na mwajiri aliyekuwa na shida ya mwajiri.

Mwaka 2014 jimbo la Rhode Island lilikubaliana na serikali kuu kuwatoa maelfu ya watu kwenye karakana na kuwasaidia kupata ajira za kawaida. Oregon ilifuata mwaka 2015 baada ya kushtakiwa na watumiaji wa huduma zake. Mwaka huohuo New Hampshire ikawa jimbo la kwanza kupiga marufuku mshahara wa chini ya kima, na mengine kadhaa yakaifuata.

Desemba 2024, Wizara ya Kazi ya Marekani ilipendekeza vyeti vya kifungu cha 14 viondolewe hatua kwa hatua. Julai 2025 pendekezo hilo likafutwa. Katika majimbo ambayo hayajajitungia sheria yao, mwajiri mwenye cheti bado anaruhusiwa kumlipa mfanyakazi mwenye ulemavu kwa saa ya sekunde.