Kutoka Amri hadi "Tunayo": Kiswahili, Morogoro na Mashambulizi ya Ghafla

Tarehe 8 Agosti 1914, siku nne baada ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea iliushambulia kwa mizinga mnara wa redio wa Dar es Salaam. Gavana Heinrich Schnee alikuwa ametaraji kwamba Mkataba wa Berlin wa 1885 ungeliepusha koloni na vita vya Ulaya. Katika siku hizo serikali yake ilihamia Morogoro, mji uliofikiwa na reli mwaka 1907. Hivyo ndivyo mji wa bara ulivyoingizwa katika vita vilivyoanzia pwani.

Miaka miwili baadaye mapigano yenyewe yaliwasili. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Morogoro, huku yale ya Paul von Lettow-Vorbeck yakirudi nyuma kupitia Milima ya Uluguru kuelekea Kisaki. Wanyama wa mizigo waliangamizwa na maradhi yaenezwayo na mbung'o; mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Pande zote mbili zilitumia wapagazi, wengi wao kwa kulazimishwa.

Kiswahili kilikuwapo katika vita hivyo, lakini kwa nafasi maalumu. Kilikuwa lugha ya boma na ya kambi. Kilibeba amri, ilhali uamuzi ulifanyika Berlin na London. Kisarufi, mpagazi alikuwa msemeshwa wa kauli ya kuamuru, kamwe si mtenda wa kitenzi "kuamua". Alama kuu iliyobaki katika msamiati ni Kariakoo, utohozi wa Carrier Corps, jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Mtaa unajulikana na kila mtu. Majina ya waliobeba mizigo, kwa sehemu kubwa, yamepotea.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa kwa Kiswahili, akijenga hoja yake juu ya nomino tatu: uwezo, sababu na nia. Kilichozifunga pamoja ni kiambishi tu-, katika "tunao" na "tunayo". Safari hii msikilizaji wa Morogoro, aliye mbali na Kagera kuliko alivyokuwa mbali na Dar es Salaam mwaka 1914, aliwekwa ndani ya kiima cha sentensi iliyotangaza vita.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Kiswahili hakitofautishi "sisi" inayomjumuisha msemeshwa na "sisi" inayomwacha nje. Kiambishi tu- kinaweza kumpa mwananchi sauti, na kinaweza pia kumsemea kabla hajaulizwa. Mwaka 1978 uvamizi ulikuwa dhahiri, na wengi waliitikia. Lakini mtafiti wa lugha ya vita anapaswa kuuliza kila mara swali ambalo mpagazi wa Uluguru hakupewa nafasi ya kuliuliza: katika "sisi" hii, nani amehesabiwa, na nani atakayebeba mzigo?