Marealle wa Marangu na kitanzi cha 1900

Marealle alirithi umangi, yaani uchifu, wa Marangu, nchi ndogo ya Wachaga mashariki ya Kilimanjaro iliyosongwa na wakubwa wawili: Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho. Kwa mikuki asingewaweza. Akawategemea wageni.

Rindi alitangulia kufunga mkataba na Wajerumani mwaka 1885. Sina alipigwa na Mjerumani Wissmann mwaka 1891, na mwaka huohuo Rindi akafa, kiti akakiachia mwanawe Meli. Kituo cha Wajerumani kikawa Marangu. Juni 1892 Meli aliwashinda Wajerumani na kamanda wao, von Bülow, akauawa. Agosti 1893 Wajerumani walirudi na jeshi chini ya von Schele, Meli akasalimu amri na kituo kikahamishiwa Moshi. Marealle akazidi kujipendekeza kwa mkuu wa kituo, Kapteni Kurt Johannes.

Kilichofuata ndicho kisichosahaulika Uchagani. Johannes alifikishiwa habari kwamba Meli na wenzake wanakula njama ya uasi pamoja na Waarusha na Wameru. Kathleen Stahl, aliyechapisha historia ya Wachaga mwaka 1964, anamwona Marealle kuwa mfumaji wa fitina hiyo. Tarehe 2 Machi 1900 watu 19 walinyongwa Moshi: Meli, Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha, pamoja na wakuu wa Waarusha na Wameru. Wapinzani wakubwa wa Marealle wakawa wamefagiliwa kwa siku moja, naye akaongezewa mamlaka hadi Rombo.

Ukubwa huo ulisimama juu ya mtu mmoja. Johannes alipoondoka, mahasimu wa Marealle walimchongea kwa mkuu mpya kama yeye alivyowachongea wenzake, akalazimika kukimbilia upande wa Waingereza. Alirejea baadaye, ila enzi yake ilikwisha pita.

Waingereza walipowarithi Wajerumani, jina likafufuka: mwaka 1951 mjukuu wake, Thomas Marealle, alichaguliwa Mangi Mkuu wa Wachaga wote. Baada ya uhuru utawala wa mangi ulifutwa.

Inaaminika kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliwatambua jamaa wa baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin, la Meli halimo. Zaidi ya karne imepita, na ukoo wake bado hauna cha kuzika.