Ukurasa ukikwama: kupima muda unaotumika kwenye huduma za nje

Lori limefika Malaba, lakini wakala anasubiri ukurasa wa malipo ufunguke. Lawama huangukia intaneti au mwenye mfumo. Kumbe mfumo wa mtandaoni huuliza mifumo mingine: benki au huduma ya pesa kwa simu kuhusu malipo, forodha kuhusu tamko la mzigo. Jibu lisiporudi, ukurasa hausogei.

Jinsi ya kupima

Fundi huandika saa kabla ya kuuliza na baada ya kujibiwa. Tofauti yake ndiyo muda wa huduma ya nje. Kila rekodi iwe na jina la huduma, muda na matokeo: jibu, hitilafu au kimya. Asitumie saa ya tarehe, kwani hurekebishwa na huweza kurudi nyuma. Kompyuta ina kipima muda kinachokwenda mbele tu.

Tuseme ukurasa umechukua sekunde 12: benki 9, viwango vya kubadilisha fedha 2, mfumo wenyewe 1. Kununua seva kubwa zaidi hakuwezi kuokoa hata sekunde 2. Lakini kama maswali yale mawili hayategemeani, yakiulizwa kwa pamoja muda utashuka hadi sekunde 10.

Wastani hudanganya

Maombi 90 yakichukua sekunde 1 kila moja, na 10 yakichukua sekunde 31, wastani ni sekunde 4. Hakuna mteja aliyesubiri sekunde 4! Afadhali kuuliza: maombi 95 kati ya 100 hukamilika ndani ya muda gani? Hapa jibu ni sekunde 31.

Je, ni umbali?

Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi Afrika Mashariki Julai 2009, mawasiliano mengi ya nje yalipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali na jibu vilichukua karibu nusu sekunde angani pekee. Kwa kebo, safari ni fupi zaidi. Huduma ikichukua sekunde 9, umbali peke yake hauwezi kuwa sababu.

Kimya si kukataliwa

Mfumo uwekewe ukomo wa kusubiri, usining'inie bila mwisho. Lakini ukomo ukifika, fedha huenda zimekwisha kukatwa na ni jibu tu lililochelewa. Kwa hiyo kila ombi la malipo liwe na namba yake, ili likirudiwa lisitozwe mara mbili.

Nawe mfanyabiashara, usibonyeze tena kwa haraka. Angalia kwanza salio au taarifa ya benki, kisha andika saa na namba ya muamala. Unapoagiza mfumo wa kampuni yako, mtake fundi akuonyeshe muda wa kila huduma ya nje. Bila hesabu hiyo, utalipia matengenezo ya mahali pasipoharibika.