Wafu Wasioonja Chumvi

Kwetu, mtu aliyeishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Chumvi ndiyo kipimo cha umri, na umri ndiyo hazina ya maarifa. Huko Haiti, katika bahari ya Karibi, chumvi hiyo hiyo imepewa kazi nyingine, nayo ni ya kutisha. Wazee wa huko husimulia kwamba zombi, yaani mfu aliyetolewa kaburini kwa uchawi ili atumikishwe, hulishwa chakula kisichotiwa chumvi. Kwani siku atakayoionja atazinduka, atatambua kuwa yeye ni maiti, ataliacha jembe pale pale na kuondoka kwenda kulitafuta kaburi lake. Makala haya yanakusudia kuifuata safari ya mfu huyo, kutoka katika mashamba ya miwa hadi katika mchezo wa kompyuta unaochezwa leo na vijana wa kila pembe ya dunia, na kuuliza ni kitu gani kilichopotea njiani.

Tuanze na neno lenyewe, kwani maneno nayo yana nasaba. Wataalamu wengi hulitafutia asili neno zombi katika lugha za Kibantu za Kongo na Angola. Wapo wanaolihusisha na nzambi, jina la Mungu kwa Kikongo. Wapo wanaolihusisha na maneno jirani yenye maana ya mzuka au roho ya marehemu. Katika hilo hawajaafikiana, lakini njia iliyopitwa na neno haina utata: lilivuka Atlantiki pamoja na watu waliofungwa minyororo. Mwaka 1697 lilikuwa limekwisha kuingia katika jina la kitabu cha Kifaransa, Le Zombi du Grand Pérou, ambacho habari zake ni za kisiwa cha Guadeloupe. Karne moja baadaye, mwaka 1797, Moreau de Saint-Méry alipochapisha maelezo yake juu ya koloni la Saint-Domingue, alilifasiri kuwa ni neno la Kikrioli lenye maana ya roho au mzuka. Wakati huo, basi, zombi wa vitabuni alikuwa pepo tu. Aliyempa mwili, jembe na bwana ni mtumwa.

Saint-Domingue ndiyo Haiti ya leo. Katika miaka ya 1780 koloni hilo la Ufaransa lilikuwa tajiri kuliko makoloni yote ya Karibi, na utajiri wake ulikuwa sukari na kahawa. Watumwa wake walikaribia nusu milioni, wengi wao wakiwa wamezaliwa Afrika, na katika hao waliotoka Kongo walikuwa idadi kubwa. Kazi ya miwa haikuwa na usiku wala mchana wakati wa kusaga, na wenye mashamba waliona ni nafuu kununua mtu mpya kuliko kumtunza aliyepo. Katika hali hiyo mauti yalikuwa na sura mbili. Iliaminiwa kwamba anayekufa hurejea Ginen, yaani Afrika ya wazee wake. Kaburi lilikuwa ndiyo merikebu ya kurudia kwao. Kwa mwenye imani hiyo, la kutisha halikuwa kufa, bali kufa na bado usiachiwe uende. Zombi ni huyo: mtumwa aliyenyimwa hata mlango wa mwisho. Mwezi wa Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue waliinuka, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru wake. Bwana aliondoka, lakini hofu ya kurejeshwa shambani ilibaki, na hadithi ya zombi ikawa ndiyo chombo cha kuihifadhi.

Sisi wa visiwa vya karafuu hatuna haja ya kufasiriwa hofu hiyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hadi mwaka 1897. Ndani ya robo karne hiyo mtu hakuuzwa tena sokoni, ilhali aliendelea kumilikiwa shambani. Tena ukivuka kwenda bara utamkuta nduguye zombi akiitwa msukule, na kusini akiitwa ndondocha: mtu ambaye jamaa zake wamemlilia na kumzika, kumbe, kwa itikadi ya wasimulizi, mchawi amemficha na humlimisha usiku mashamba yake, akiwa hana kauli wala hiari. Sidai kwamba msukule na zombi wametoka katika tumbo moja. Nasema tu kwamba watu wa pwani mbili walipotafuta mfano wa dhulma iliyopita mipaka yote, walikutana katika picha moja: maiti mwenye jembe.

Dunia ya nje ilimjua zombi huyu kwa njia ya utumwa mwingine. Marekani iliikalia Haiti kijeshi kuanzia mwaka 1915 hadi 1934. Katika miaka ya mwanzo wanajeshi wake waliwakusanya wakulima kwa nguvu na kuwatia katika kazi ya kujenga barabara. Upinzani ukazuka, na kiongozi wake, Charlemagne Péralte, akauawa mwaka 1919. Mwaka 1929 Mmarekani William Seabrook alichapisha kitabu cha safari zake, The Magic Island, na ndani yake akaeleza kisa alichosimuliwa cha mazombi waliopelekwa kukata miwa ya kampuni kubwa ya sukari ya Kimarekani iliyokuwa kisiwani humo. Mchana walifanya kazi, na mshahara wao ukachukuliwa na mtu aliyewaleta. Mpaka siku moja wakalishwa kimakosa vitamutamu vyenye punje za chumvi, wakazinduka, wakashika njia ya kwao mlimani. Miaka mitatu baada ya kitabu hicho ilitoka filamu ya White Zombie, yenye Bela Lugosi ndani yake. Na humo bado tunaona kinu cha sukari kikizungushwa na wafu walio kimya. Hadi hapo, basi, hata senema ya Marekani ilijua kwamba zombi ni mfanyakazi asiyelipwa.

Aliyelikata shina hilo ni George Romero. Filamu yake ya mwaka 1968, Night of the Living Dead, ilipigwa kwa fedha kidogo katika jimbo la Pennsylvania, na mhusika wake mkuu alikuwa mwigizaji mweusi, Duane Jones, jambo lililokuwa nadra katika senema ya wakati huo. Ndani ya filamu hiyo neno zombi halitamkwi hata mara moja. Wafu wake wanaitwa kwa neno la Kiingereza lililotokana na ghuul la Kiarabu, yaani zimwi mla watu wa nyikani. Na kweli walikuwa mazimwi: hawana bwana, hawana shamba, wanatembea makundi kwa makundi na kula nyama ya walio hai. Watazamaji ndio waliowabandika jina la Haiti. Tokea hapo hofu ikageuka upande. Zamani msimulizi aliogopa asije akafanywa zombi. Sasa mtazamaji anaogopa wingi wa mazombi walioko nje ya mlango wake. Hofu ya mtumwa ikawa hofu ya mwenye nyumba.

Hofu hiyo ya mwenye nyumba ndiyo iliyorithiwa na michezo ya kompyuta. Mwaka 1996 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil, mchezo wa vyumba na funguo, wenye mwanzo na mwisho. Baadaye ikaja aina nyingine, isiyo na mwisho. Mwaka 2012 Dean Hall, aliyepata kuwa askari wa New Zealand, alitoa DayZ, ambamo mchezaji huogopa walio hai wenzake kuliko wafu. Kabla yake, mwaka 2011, kundi dogo la watunzi wa Uingereza lijiitalo The Indie Stone lilikuwa limeanza kuutoa kwa umma mchezo uitwao Project Zomboid, na likaendelea kuuongezea kwa zaidi ya miaka kumi. Huu ndio nitakaousimamia, kwa sababu unasema wazi lile ambalo michezo mingine hulificha.

Mandhari yake ni vijiji na miji ya jimbo la Kentucky, mwezi wa Julai 1993. Hauna hadithi ya kukamilishwa, wala adui mkuu wa kushindwa, wala mlango wa kutokea. Kabla ya mchezaji hajapiga hatua ya kwanza, maandishi humtangazia kwamba hapakuwa na tumaini la kunusurika, na kwamba atakayoyaona ni habari ya namna alivyokufa. Hatima imetajwa mwanzo. Kilichoachwa wazi ni muda na mwenendo. Baada ya siku kadhaa umeme na maji hukatika. Nyama iliyo katika friji huoza. Mchezaji hupigilia mbao madirishani, hutundika shuka asionekane kwa nje, hutega mapipa ya kukinga mvua na kuyachemsha maji yake. Hupanda viazi na kabichi, huvua samaki, hutia viraka katika nguo ili meno ya wafu yasipenye. Akikaa bure huchoshwa na upweke, na dawa yake ni kusoma kitabu. Kelele moja, kama ya kioo kuvunjika au bunduki kulia, huwaita wafu kutoka mitaa ya mbali. Aking'atwa, kwa kanuni za kawaida za mchezo, hana tiba.

Hebu msomaji alitazame jambo hili kwa utulivu. Katika mashamba ya Saint-Domingue wafu ndio waliolima na walio hai ndio waliokula. Katika mchezo huu wafu wanazurura bila kazi, na aliye hai ndiye anayelima, anayeshona, anayebeba magogo na kuhesabu makopo ya maharage. Zombi ameachiwa huru na kazi yake amerithi mchezaji. Tena kazi hiyo ndiyo ladha ya mchezo: wengi huusahau ule mshindo wa kupigana wakajishughulisha na bustani zao, kwa saa nyingi, kwa siku nyingi. Siwalaumu. Binadamu hupenda kazi ambayo matunda yake ni yake, na labda hilo ndilo linaloonyesha ukubwa wa dhulma ya asili: mtumwa hakuchukizwa na jembe, alichukizwa na kwamba mavuno hayakuwa yake na jioni haikuwa yake.

Mpenzi wa tungo za pwani hatakuwa mgeni katika nyumba za mchezo huu. Tangu karne ya kumi na tisa tunayo Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambayo inauonya moyo kwa kuupitisha katika majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na wageni, kisha yakaachiwa popo na buibui. Mchezaji naye huingia nyumba baada ya nyumba, akakuta meza iliyoandaliwa, kitanda cha mtoto, televisheni isiyo na wa kuitazama. Tofauti yao ni hii: mshairi aliingia ili azingatie, mchezaji huingia ili achukue. Hata hivyo anayecheza muda mrefu humpata mshairi njiani, kwa sababu begi likishajaa hubaki ukimya, na ukimya una masuala yake.

Inafaa pia kukumbuka kwamba neno hili limekwisha kufika kwetu, na halikuja kwa mchezo tu. Katika miaka ya 2015 na 2016, wakati wa msuguano wa uchaguzi Zanzibar, magazeti yaliandika habari za watu waliofunika nyuso, waliozunguka na magari na kuwapiga raia. Wananchi waliwaita mazombi. Walilichukua neno kutoka senema, lakini walilitumia kwa maana iliyokaribia ile ya Haiti: si wafu wenye njaa, bali watu wasio na sura. Na anayesema hivyo hujiuliza papo hapo, je, ni nani aliyewatuma? Swali la bwana, ambalo senema ililifuta, liliulizwa upya na watu wa mitaani.

Ndani ya mchezo swali hilo haliulizwi. Mazombi wake wamevaa sare za kazi walizozifanya, huyu muuguzi, yule mpishi, yule zimamoto. Lakini hawana majina, na idadi yao ni ya kuhesabiwa tu. Chumvi imo, lakini ni kiungo cha jikoni, na hakuna njia ya kumwonjesha mfu akazinduka. Kuna nafasi moja tu ambapo jina hurudi. Mchezaji aliyekufa kwa kung'atwa huinuka akawa zombi katika dunia ile ile. Akiumba mtu mwingine na kumtia humo, anaweza kurudi katika mtaa ule na kumkuta wa kwanza akitembea, amevaa koti alilolitia viraka kwa mkono wake, amebeba begi alilolijaza mwenyewe. Wengi hurudi kwa ajili ya begi. Lakini kwa dakika ile yule aliye mbele yake si mmoja wa kundi. Anajua jina lake, kazi yake, na bustani aliyoiacha. Ndivyo jamaa wa Haiti walivyokuwa wakihadithiana, kwamba fulani wetu tuliyemzika ameonekana shambani kwa watu. Nao hawakuona zombi, walimwona fulani wao.