Ng'ombe wa Machakos na kiwanda cha Athi River

Wasee, ushawahi kununua nyama City Market, Nairobi? Hiyo barabara inaitwa Muindi Mbingu. Huyo alikuwa mzee wetu Mkamba, na alifukuzwa hadi Lamu kwa sababu ya ng'ombe. Shuleni tulipewa mstari mmoja tu kumhusu, na mstari wenyewe uliacha kampuni nje.

Kampuni ni Liebig, kutoka Uingereza, wauzaji wa nyama za mikebe. Kufikia 1938 ilikuwa na kiwanda Athi River, hapa hapa kwetu. Kiwanda kama hicho kinataka ng'ombe wengi, tena kwa bei ya chini kabisa. Lakini Mkamba hakuwa na haraka. Ng'ombe ndio benki yake: mahari, kodi, njaa ikija. Akipewa bei ya kutupa, anakaa nao. Si hilo ndilo soko huria tunaloimbiwa kila siku?

Badala ya kampuni kuongeza bei, serikali ikaleta amri: punguzeni mifugo kwa lazima. Walowezi walikitaka kiwanda, na sauti yao ilifika kwa gavana kabla ya sauti ya mwenye boma huko Iveti. Sababu waliyopewa watu ni udongo. Na tusidanganyane, mmomonyoko ulikuwepo, milima ilikuwa imebaki mifupa. Lakini ni nani aliyewabana watu kwenye rizavu, akachukua Mua na kuwafungia malisho ya Yatta? Hapo hakuna mlowezi aliyeambiwa apunguze kitu.

Ng'ombe wakakamatwa na kupigwa mnada. Mwenye ng'ombe anatazama tu.

Julai 1938 maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, wakaenda Nairobi kumwona Gavana Brooke-Popham. Akakataa kuwaona huko. Wakapiga kambi wiki kadhaa, hawaendi popote. Mwishowe gavana ndiye aliyekuja Machakos. Septemba Muindi akakamatwa, akapelekwa Lamu. Kilichowatia serikali wasiwasi zaidi, nadhani, ni kwamba Wakamba walikuwa wengi jeshini na kwenye polisi. Kabla mwaka kuisha, uuzaji wa lazima ukasimamishwa.

Muindi hakurudishwa siku hiyo. Ng'ombe waliouzwa nao hawakurudi. Kiwanda kilibaki Athi River, na baadaye kikawa cha Kenya Meat Commission. Ukitoka Machakos na matatu ya Nairobi, unapita huko huko.