Kuanguka kwenye gari la taka: ‘Niko freshi’ si kipimo

Ukikutana na Fuso la taka asubuhi Dar es Salaam, angalia juu. Mara nyingi utaona vijana wawili watatu wamesimama juu ya mzigo wakidaka viroba vinavyorushwa kutoka chini, na gari likisogea nyumba ya pili wanabaki hukohuko. Mwingine ananing'inia nyuma. Nyaya zimelegea, matawi yanapita usawa wa uso, halafu kuna matuta.

Hapo kichwa kinaumia kirahisi: gari linaondoka ghafla mtu anadondoka, au anagongwa na waya, au kiroba kinarushwa vibaya. Na kwenye kiroba huwezi kujua kuna nini. Yaweza kuwa majani, yaweza kuwa vipande vya tofali.

Damu inayotoka nje kila mtu anaiona, majeruhi anawahishwa. Ya hatari zaidi ni ile inayovujia ndani, kati ya fuvu na ubongo. Mtu anaweza kuzimia sekunde chache, akaamka, akaongea vizuri, hata akamalizia tripu. Saa kadhaa baadaye damu imejaa, inaubana ubongo. Nyumbani wanasema amechoka, mwacheni alale. Kumbe anapoteza fahamu.

Kwa hiyo aliyegonga kichwa asirudi juu ya gari siku hiyo, na asiachwe peke yake kwa saa 24. Muwahishe hospitali akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akichanganya maneno, akilala na kuamka kwa shida, akipata degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au akitokwa na damu au majimaji masikioni. Usimpe aspirini, inaongeza kuvuja damu. Kama shingo inauma, msimkunje kwenye bajaji.

Kofia ngumu inasaidia, ila ile ya mafundi ujenzi imetengenezwa zaidi kwa kitu kinachoanguka utosini. Bila mkanda wa kidevuni, mtu akidondoka inaruka kabla yake. Na ikishapigwa kwa nguvu mara moja, ibadilishwe hata kama haina ufa. Dawa kubwa zaidi ni ya bure: gari likitembea, asiwepo mtu juu.

Kuhusu fidia, Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri, mshahara wako haukatwi. Ajali inatakiwa itolewe taarifa ndani ya siku 7, na madai yafunguliwe ndani ya miezi 12.

Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, jina lake haliko kwenye daftari lolote, hapo ndipo kesi inapokuwa ngumu. Kama ni wewe, andika siku hiyohiyo tarehe, saa, mtaa, namba ya gari na majina ya waliokuwepo. Ukifika hospitali mwambie daktari aandike kwamba umeumia kazini, kisha karatasi hiyo ipige picha.